Mjane Aliyesimama Mchana Kutwa

Wametusimulia waliotutangulia katika imani, Mwenyezi Mungu azirehemu roho zao, kwamba zama za mateso ya Kanisa paliishi mjane mmoja jina lake Januaria, katika mji wa wakulima wa mizeituni ukingoni mwa jangwa. Alikuwa mfumaji wa sufu, mgonjwa wa miguu kwa miaka mingi, na Mungu alikuwa amemjalia mtoto mmoja tu, Kresenti, kijana aliyesoma Maandiko kanisani kwa sauti ya kuwatoa watu machozi.

Liwali wa mji alipotangaza kwamba kila mtu aifukizie ubani sanamu ya mfalme, Kresenti alikuwa miongoni mwa waliokamatwa kwanza. Wakamwonyesha vyuma vilivyokuwa motoni. Akatia ubani kwenye makaa, wakamwachia. Aliporudi nyumbani hakumsalimu mama yake. Alikwenda moja kwa moja kwenye mtungi wa maji, akachota maji, akachukua majivu ya jikoni, akausugua mkono wa kuume mpaka ngozi ikachubuka na damu ikatoka.

"Basi, mwanangu," Januaria alimsihi. "Yatosha."

"Mkono bado unanuka ubani, mama."

Hakula tena. Kidonda cha mkono kikaoza, homa ikampanda, akafa ameuelekea ukuta.

Januaria akatuma watu kwa kasisi Fortunato na shemasi Marini waje wamwombee maiti. Wote wawili walikuwa wasomi na wacha Mungu, lakini kwa muda mrefu walikuwa wakishindana. Kasisi alishikilia kwamba wokovu ni kudra ya Mungu peke yake, naye humwokoa aliyemteua. Shemasi alishikilia kwamba Mungu huwaita watu wote, na kila mtu huitika au hukataa kwa hiari yake. Mabishano hayo walikuja nayo hadi mlangoni kwa mfiwa.

Fortunato aliitazama maiti, akatikisa kichwa. "Mama, mteule wa Mungu haanguki. Huyu ameanguka, basi hakuwa wa Mungu tangu mwanzo. Siwezi kumwombea."

"Usimsingizie Mungu," Marini akadakia. "Kijana aliitwa kama tulivyoitwa sisi, akachagua mwenyewe, kwa akili zake timamu. Ila kuhusu sala, hapo sina ubishi nawe. Aliyemkana Bwana akafa bila kutubu, Kanisa halimwombei."

"Mkono wake mmeuona?" Januaria aliuliza.

Hawakumsikia. Walikuwa wameshaanza kusomeana aya. Mjane akaketi chini karibu na maiti, akiwasikiliza. Mmoja alikuwa anamwambia kwamba mwanawe hakupendwa kamwe; mwingine, kwamba alipendwa akalitupa pendo. Kwa vyovyote vile, mwanawe amepotea. Majirani ndio waliomzika Kresenti, kimya kimya, bila wimbo.

Haukupita muda, wakakamatwa wote watatu. Liwali alikuwa amebuni adhabu mpya. Aliwasimamisha uani kwake mbele ya sanamu, juani, tangu asubuhi, akatoa amri: atakayegusa ardhi kwa goti atahesabiwa ameabudu, naye ataachiwa; atakayekuwa bado amesimama baraza litakapofungwa alasiri, atakatwa kichwa.

Januaria alijua hataweza. Alianza kutetemeka kabla hata umande haujakauka. Hakuwa na sala ndefu. Alisema tu, "Bwana, usiniache," akairudia, akairudia, mpaka midomo ikapasuka.

Jua lilipokuwa kali, askari mmoja aliweka kata ya maji chini, mbele ya Fortunato. Kasisi aliyatazama maji yale muda mrefu. Hakuna aliyemsukuma. Akapiga magoti, akanywa.

Marini alibaki ameuma meno, nia yake haikutetereka hata kidogo. Lakini jua lilipopinduka, magoti yalimlegea ghafla, akaanguka kifudifudi mbele ya sanamu. Alipozinduka, askari walikuwa wanacheka. "Umeabudu," wakamwambia. Akapiga kelele kwamba hakutaka, kwamba moyo wake haukukubali. Hawakumjali.

Baraza lilifungwa Januaria akiwa bado amesimama.

Wakafungiwa ghalani pamoja, kesho yake mmoja auawe na wawili waachiwe. Fortunato alikaa peke yake pembeni, amejifunika uso kwa joho.

"Basi sikuteuliwa," alisema. "Nimejihukumu kwa kinywa changu mwenyewe."

Marini naye alikuwa analia. "Mimi nilichagua kusimama, mama. Nilichagua kwa moyo wangu wote. Wewe umewezaje? Ni hiari yako, au ni Mungu aliyekushika?"

Januaria aliitazama miguu yake, iliyovimba mpaka kupasuka. Angejisifu wakati ule, hakuna ambaye angemlaumu. Angewalipiza pia, nao wangenyamaza. Lakini alikuwa mtu wa kesho kufa, akaona asiseme ila kweli.

"Sijui, mwanangu. Maumivu yalikuwa yangu, hayo nayajua. Kila nilipotamani kuketi nilikataa, na kukataa kule kulikuwa kwangu. Lakini miguu hii nimeishi nayo. Haina uwezo huu." Akamgeukia kasisi. "Baba, unamlilia Mungu sasa?"

"Namlilia, mama."

"Kama amekutupa, machozi hayo amekuachia ya nini? Mwanangu naye alilia. Mlikuwa mnabishana, hamkuutazama mkono wake."

Kasisi alitambaa mpaka miguuni pa mjane, na kwa sauti ya kukwamakwama akaianza sala ya marehemu. Shemasi akaitikia. Wakalitaja jina la Kresenti. Ndipo Januaria alipolia, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule.

Alikatwa kichwa asubuhi. Fortunato, ambaye tayari alikuwa ameachiwa, alirudi kwenye lango la liwali kabla damu haijakauka, akasema yeye ni Mkristo. Naye wakamuua. Marini akaishi hadi uzee. Hakuacha kufundisha hiari ya mwanadamu, na wanafunzi wa Fortunato hawakuacha kufundisha kudra ya Mungu. Lakini tangu siku ile, shemasi huyo hakumwambia mama yeyote mwanawe aliyefariki yuko wapi.

Enyi wapenzi wa Mungu, ni nani kati yetu awezaye kuuonyesha mpaka, pale unapokoma mkono wa mtu unaong'ang'ania na unapoanza mkono wa Mola unaoshika? Jambo hili ni kubwa, na wenye elimu wataendelea kulijadili mpaka siku ya mwisho. Waacheni walijadili. Ila aliyelala mbele yetu, tumwombee kwanza.