Gari la Misuli Lililochelewa

Wahenga waliposema kawia ufike hawakumruhusu mtu kuvuta blanketi mpaka saa nne asubuhi, ingawa wako watu, hasa huku milimani ambako baridi ya mwezi wa saba huuma kama ina meno, wanaoitumia methali hiyo kama shuka ya pili. Maana yake ni hii: ikiwa kuna njia mbili, moja ya haraka inayoishia korongoni na nyingine ya polepole inayoishia mlangoni, shika ya mlangoni, hata wakikucheka. Na Yusra wa Kwai, kijiji cha milima ya Lushoto, alichekwa vya kutosha.

Yusra alikuwa na miaka kumi na tisa na cheti cha kidato cha nne ambacho mama yake alikihifadhi kabatini pamoja na vikombe vya wageni, maana vyote havikuwa na kazi ya kila siku. Asubuhi alikamua ng'ombe, mchana alipalilia karoti, na kichwani mwake mlikuwa na jambo moja tu: kupuliza rangi magari. Kuyaendesha hakukumshughulisha. Yeye alitaka kulichukua gari lililochubuka na kupauka, alirudishe barabarani liking'aa kama tunda la damu, lile jekundu la huku milimani, lililofutwa kwa khanga.

Baba yake alikuwa amekwisha kumwekea kikomo. "Mwezi huu ukiisha hujapata fundi wa kukuchukua, unakwenda Bumbuli kwa mjomba wako kukaa dukani," alimwambia. "Sukari nayo inahitaji mtu wa kuipima."

Mafundi wanne wa mjini Lushoto walikuwa wamemkataa, mmoja akimwuliza kama amepotea njia ya kwenda saluni. Alibaki Fundi Sharifu, mtu wa Tanga aliyehamia milimani zamani, mpuliza rangi aliyesifika na asiyependa maneno mengi. Msaidizi wake alikuwa ameacha kazi. Nafasi ilikuwa moja, na walioitaka walikuwa wawili: Yusra na Abuu, kijana wa mjini mwenye mikono myepesi, ambaye watu walisema huweza kubadilisha tairi la bodaboda kabla dereva hajamaliza kulalamika.

Fundi Sharifu hakuwauliza habari za vyeti. Aliwawekea mezani maboksi mawili yaliyofanana. Ndani ya kila boksi mlikuwa na gari dogo la plastiki, lisilozidi shibiri moja, lakini likiwa vipande zaidi ya mia, vimening'inia kwenye fremu zao kama matunda mabichi kwenye matawi.

"Wamarekani wenyewe huyaita magari ya misuli," alisema. "Boneti ndefu, injini kubwa, milango miwili. Ndugu yangu baharia aliniletea, nami macho yangu hayawezi tena kuyaunga."

"Misuli yenyewe mbona iko vipande, fundi?" Abuu aliuliza. "Limepata ajali?"

"Litapata ukilishika wewe." Fundi aliweka makopo manne ya kupuliza, mawili ya rangi nyeusi na mawili ya vanishi. "Kila mtu kopo moja la rangi na moja la vanishi. Likiisha, limeisha. Nimechagua nyeusi kwa sababu nyeusi haina siri. Jumamosi ya pili kuanzia leo, saa sita mchana, nataka kuyaona hapa. Nitakayemchukua ni mmoja."

Abuu aliliunga lake kwa siku mbili. Yusra alitumia siku nane. Alikata kila kipande kwa wembe, akasugua kovu lake kwa msasa laini uliolowa maji, akapaka gundi kwa ncha ya kijiti cha meno. Injini peke yake, silinda nane katika kitu kisichozidi nusu ya kiberiti, ilimla siku nzima, na ng'ombe wakakamuliwa kwa kuchelewa wakilalamika. Jirani aliyechungulia dirishani alitangaza kijijini kwamba binti yule amerudi chekechea.

Kisha, Jumapili jioni, simu ikalia. Abuu alikuwa ametuma picha: gari lake, jeusi tii. Chini yake aliandika, "Langu limeshazaliwa. Lako bado liko tumboni?"

Hapo ndipo Yusra, aliyekuwa ametulia kama maji ya mtungini, alipotikisika. Jumatatu asubuhi alitoka na gari lake mpaka chini ya upenu wa zizi. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bati, mzito, wa kuloanisha nyusi. Aliuona. Aliujua, maana alizaliwa ndani yake. Lakini alikuwa akiiona pia ile picha, na picha ilishinda. Alitikisa kopo, akapuliza.

Kwa dakika tano gari lilikuwa zuri mno. Kisha weusi ukaanza kufifia. Utando mweupe ukatambaa kutoka kwenye boneti hadi kwenye paa, mpaka gari zima likawa na rangi ya majivu ya jikoni. Unyevu wa ukungu ulikuwa umenaswa ndani ya rangi mbichi, na hapana kitambaa cha kuufuta.

Alimpigia Abuu, si kwa urafiki, bali kwa sababu hakuwa na mwingine wa kumpigia.

"Hata langu limeota mvi," Abuu alikiri. "Ile picha niliipiga likiwa bichi. Lakini usiwe na wasiwasi, dada. Futa kwa thina, upulize upya. Gereji zote rangi inatolewa kwa thina. Mimi nakwenda kulifuta sasa hivi."

Ushauri huo haukuwa wa kipumbavu. Katika gereji, thina ni kama maji ya kunawa: hutoa rangi kwenye bati, kwenye bunduki ya kupulizia, hata kwenye kucha za fundi. Yusra alilowesha kitambaa. Mkono ulikuwa umeshafika juu ya paa la gari aliposita. Pupa ilikuwa imemgharimu mara moja asubuhi ile. Aliona mara ya pili ingekuwa tabia. Aliokota kipande cha fremu kilichobaki kwenye boksi, akakifuta hicho kwanza. Kililainika, kikanata kwenye kitambaa, kikapinda kama mshumaa uliosahauliwa juani. Bati ni bati, na plastiki ni plastiki.

Mchana ule Abuu alituma picha nyingine, safari hii bila maneno. Paa la gari lake lilikuwa limezama katikati, kama kitanda cha kamba kilichokaliwa na watu wanene.

Yusra alikaa juu ya ndoo ya maziwa akafikiri. Alikumbuka malalamiko ya kila dereva: oili ya breki ikimwagika kwenye bodi, inakula rangi. Sasa basi, oili hiyo hukaa kwenye nini? Hukaa miaka na miaka kwenye kikopo kilicho kando ya injini, na kikopo hicho ni cha plastiki. Inakula rangi, haili plastiki. Aliinuka akaenda kununua chupa.

Alijaribu kwanza kwenye kipande cha fremu alichokipuliza rangi. Kiliposalimika, alilizamisha gari ndani ya kopo tupu la siagi, akavaa mifuko ya nailoni mikononi, na kwa siku moja na nusu alisugua kwa mswaki mkuukuu, kila mlango, kila mfereji wa kioo, mpaka plastiki ikarudi nyeupe kama ilivyotoka kiwandani. Likabaki tatizo la ukungu, na ukungu wa mwezi wa saba haufukuzwi kwa fagio.

"Basi kama ukungu haupandi, nitashuka mimi," alimwambia mama yake Jumatano. "Nakwenda Mnazi kwa shangazi."

"Kufanya nini Mnazi?"

"Kuanika gari."

"Baba yako akiuliza, nitasema umekwenda kusalimia," mama alisema. "Hilo la kuanika gari litamwua."

Mnazi iko chini, tambarare, upande wa pili wa milima, nako jua halina mchezo. Shangazi Salama, aliyeolewa huko miaka mingi, alimpokea mlangoni kwa salamu ya mchana ya Kishambaa, "Onga mshi," kisha akalipokea boksi, akachungulia.

"Mume wa plastiki?"

"Gari, shangazi. Shikamoo."

"Marahaba. Afadhali. Mume angetaka kula."

Walimwaga maji kwenye sakafu ya ghala la mpunga ili vumbi lilale. Alhamisi, kabla upepo haujaamka, Yusra alipuliza mkono wa kwanza wa rangi, mwembamba kiasi cha plastiki kuonekana bado. Alilifunika gari kwa beseni, kuku wasije wakasaini. Mchana akapuliza mkono wa pili. Ijumaa asubuhi mkono wa tatu, na kopo likakohoa, likanyamaza. Rangi ilitosha. Weusi ulitulia, mzito na safi, bila hata chembe ya majivu. Alasiri akapuliza vanishi.

Jumamosi alfajiri pikapu ya Jafari, iliyokuwa ikipandisha mpunga Lushoto, ilisimama mlangoni ikinguruma. Kwa pikapu hiyo angefika gereji saa tano, na saa moja ya akiba juu. Yusra aliinua beseni, akainama, akanusa. Vanishi ilikuwa bado inanuka. Rangi inayonuka haijakauka, hata kama jicho linasema imekauka. Ndani ya boksi, juu ya barabara ile ya makona na vumbi, lingefika limejaa chapa kama bahasha iliyopita posta.

"Twende, binti," Jafari aliita. "Mimi sina ndege."

Yusra alimpigia Fundi Sharifu. "Shikamoo fundi. Samahani kwa kukuamsha. Gari langu halijakauka. Naomba nilete kesho."

"Nilisema lini?"

"Jumamosi, fundi."

"Basi ni Jumamosi." Simu ikakatika.

Alisimama na simu mkononi. Aliliona duka la Bumbuli, mzani, mfuko wa sukari na upawa wake. Kuwahi na gari bovu, au kuchelewa na gari zima, huenda likakosa hata wa kulitazama. Lakini alijua kazi yake iliyomo chini ya beseni, na hakuwa tayari kuiharibu kwa mkono wake mara ya pili.

"Nenda tu, kaka Jafari," alisema. "Nitapanda kesho."

"Unalisubiri gari lipone?" Jafari alicheka, akaondoka.

Siku hiyo ilikuwa ndefu kuliko mwezi wa Ramadhani. Yusra alipepeta mpunga wa shangazi yake, akafua, akapepeta tena uliokwisha kupepetwa. Jua la Mnazi likafanya kazi yake. Jumapili alfajiri alinusa, akasikia harufu ya mpunga tu. Alilifunga gari ndani ya khanga laini ya shangazi, akalipakata njia nzima kama mtoto mchanga.

Gereji ya Fundi Sharifu hupumzika Ijumaa, Jumapili hufanya kazi. Alipofika getini alikuta mtu amemtangulia. Abuu alikuwa akifagia uwanja, amevaa ovaroli ya gereji.

"Karibu, mteja," Abuu alisema. "Leo tunapokea magari yote, hata ya Jumamosi."

"Amekuchukua?"

"Mimi niliwahi, dada. Saa tatu asubuhi nilikuwa hapa."

Yusra angeweza kugeuka. Badala yake alipita, akamsalimia fundi, akaweka gari mezani, akafungua khanga. "Nimechelewa siku moja," alisema. "Sikuja kukataa hilo. Nimekuja ulione."

Kutoka rafu ya nyuma Fundi Sharifu aliteremsha gari la Abuu. Lilikuwa limezibwa paa kwa pati, ule udongo wa mafundi wa kusawazishia bodi, na kupakwa rangi nzito ya kuficha makosa. Juu ya boneti palikuwa na alama ya dole gumba, wazi kama kwenye kitambulisho cha mpigakura. "Hili liliwahi," alisema. "Nililigusa jana saa sita. Nikamwambia afagie wakati linakauka, labda litabadilika. Mpaka leo linanata."

"Lina mbio sana, fundi," Abuu alisema mlangoni. "Hata rangi yake imeshindwa kulifuata."

Fundi alilivuta gari la Yusra. Aliliinua, akalizungusha kwenye mwanga, mistari ya taa za dari ikapita juu ya boneti ndefu bila kuvunjika. Kisha akabonyeza dole gumba juu ya paa, akaliacha hapo, akimtazama Yusra machoni. Yusra hakupepesa. Fundi akainua kidole. Hapakuwa na kitu. Weusi ulikuwa mzima kama haujaguswa na mtu.

"Umelipulizia wapi?"

"Mnazi, fundi. Huku palikuwa na ukungu."

"Umeshuka mpaka Mnazi." Alilirudia neno hilo taratibu, kama mtu anayepima uzito wake. "Mwenye gari akicheleweshewa siku moja, ananinunia wiki. Akipewa gari linalonata, ananisema mpaka anakufa. Abuu, vua ovaroli."

Abuu aliivua, akamkabidhi Yusra kwa mkono wake. "Ilikuwa inanibana makwapani," alisema, akalazimisha tabasamu.

Yusra aliipokea kwa mikono miwili.

"Usifurahi bado," Fundi Sharifu alimwambia, akimnyooshea fagio. "Siku uliyochelewa utailipa: uwanja huu ni wako kufagia mwezi mzima. Bunduki ya rangi utaishika kesho."

Yusra alivaa ovaroli, akakunja mikono mirefu ya nguo hiyo mara tatu, akaanza kufagia pale alipoachia Abuu. Aliyewahi Jumamosi alikuwa akitoka getini, na aliyefika Jumapili alikuwa ndani. Basi aliyesema kawia ufike hakukosea.