Sikio la Indumati

Hapo zamani, huko Bara Hindi, alikuwapo mwimbaji aitwaye Indumati. Jamani, yule mama aliimba. Akianza raga ya alfajiri, wimbo ule mzito usioimbwa ila jua likichomoza, wauza maziwa walitua ndoo zao njiani, wala hakuna aliyewagombeza kwa kuchelewa. Waliokuwa wakiwangoja nao walikuwa wamesimama wanasikiliza.

Sasa, waimbaji wa kule wana desturi yao. Mtu hataji jina la mwalimu wake hivi hivi. Kwanza hushika ncha ya sikio, kwa adabu, ndipo alitaje. Na jina likishatajwa hivyo mbele ya mfalme, limetajwa milele: wanafunzi wa mwimbaji watalitaja, na wanafunzi wa wanafunzi wake. Asiyetajwa husahaulika.

Siku moja Raja, mfalme wa kule, alimwalika Indumati aimbe raga hiyo kasrini alfajiri. Aliimba. Alipomaliza, Raja alifuta machozi bila kujificha, akaagiza shali ya heshima. "Bibi," akasema, "shika sikio. Nitajie mtu mmoja aliyekupa wimbo huu, nimvike."

"Basi ni mimi," akasema Godavari, mama yake Indumati, aliyeketi mkekani kando yake. "Kuimba sijui, hata mtoto nilikuwa nambembeleza ovyo. Lakini ukoo wa mume wangu uliniambia binti wa watu wenye heshima haimbi hadharani. Chagua, ndoa au nyimbo za mtoto wako. Nikavua bangili, ambazo kwetu mke huzivua akifiwa tu, mume akiwa hai. Tangu siku hiyo hakuna ndugu aliyeonja chakula changu."

Indumati aliinama. Alikumbuka mikono ile mitupu ikimsuka nywele kila asubuhi, na moyo ukamuuma.

Mzee Ustadh Nisar Baksh, mwalimu wake, akakohoa. "Mama Godavari, wewe ulimfikisha mlangoni, sikatai. Ndani alimpokea nani? Raga hii ni ya ukoo wetu. Baba humpa mwanawe wa kiume, basi. Mimi wa kiume sikujaliwa, na ndugu zangu wakangoja niwape wana wao. Nikampa huyu, mtoto wa kike, tena si damu yetu. Mwaka mzima nilimwimbisha sauti moja tu mpaka ikanyooka. Ndugu zangu hawakuja hata kumzika mke wangu."

Indumati alitamani kumgusa miguu kwa heshima. Na nani asingetamani?

Raja akatazama nyuma ya Indumati. Pale aliketi Mehrunisa, binti wa Ustadh, na tambura yake, ala ya nyuzi inayovuma tu nyuma ya mwimbaji ili sauti isimpotee. "Na wewe?"

"Mimi sidai kitu."

"Sema, dada," Indumati akamwambia.

"Nikisema baba ataudhika."

"Sema tu."

Mehrunisa akalaza mkono juu ya nyuzi, zikanyamaza. "Mwaka ule wa homa, dada alipoteza sauti, na raga ikamtoka kichwani. Baba akasema imekwisha, akajifungia chumbani kwa uchungu. Mimi nikawa nakaa na dada kila alfajiri, namwimbia polepole naye ananifuata, mpaka koo likafunguka."

Ustadh akamgeukia. "Ulimwimbia nini?"

"Raga hii."

"Unaijua?"

"Yote, baba. Niliipata jikoni, wewe ukimfundisha yeye."

"Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza. Ulinipa tambura."

Indumati alikuwa akiijua siri hiyo miaka yote, lakini Mehrunisa alikuwa amemwapisha asiitoe. Kila aliposhangiliwa, alisikia aibu mgongoni, upande ule tambura ilikovumia.

Raja akainyanyua shali. Godavari akamtazama binti yake, Ustadh akamtazama mwanafunzi wake. Mehrunisa hakumtazama mtu. Alikuwa akikaza uzi uliolegea. Indumati akainua mkono, akashika sikio, akafungua kinywa.

Enyi mnaonisikiliza, msiniambie awataje wote watatu. Raja alitaka mmoja, na desturi ya kule haijui wawili. Yuko aliyevua bangili zake. Yuko aliyeutoa wimbo wa ukoo nje ya ukoo. Na yuko aliyekuwa nao wimbo wote kifuani, akaurudisha kwa mwenzake, kisha akarudi kukaa nyuma. Je, ni nani aliyestahili sikio lile?