Visiki vya Shamba la Mzee Lyelu

Jembe la mgeni halijui kisiki. Mmelisikia neno hili leo kanisani, mzee wa baraza alipomjibu yule aliyetaka mwinjilisti wetu aachishwe ili aletwe mwingine kutoka ng'ambo, nanyi vijana mmetoka mkiulizana lilianzia wapi. Chanzo chake ni hiki.

Zamani misheni ya Mkasale ilikuwa na ghala moja la nafaka, na ufunguo wake ulikaa kiunoni mwa Mama Sekelaga. Waumini walileta humo mahindi na maharage ya kuwalisha waliopeleka Injili Bonde la Ihanu, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Watu hao walikuwa wawili. Mmoja alikuwa Mchungaji Haugen kutoka Ulaya, ambaye watu walimwita Hogeni. Alisafiri na hema, masanduku na wapagazi kumi. Wa pili alikuwa Mwinjilisti Yohanani Mbwilo, mzaliwa wa Mkasale, aliyesafiri na jembe begani, akalima na watu wa Ihanu na kuzika nao.

Mwaka mmoja mvua zilikatika mapema, ghala likabaki na chakula cha kutosha safari za mtu mmoja. Baraza la kanisa halikuumiza kichwa.

"Mgeni kwanza," alisema mwenyekiti, Mzee Kasebele. "Yohanani ana mikono, atajitafutia."

Yohanani hakubishana. Mkewe alikuwa na mtoto mchanga, na ndani hamkuwa na kitu. Akajiandikisha kwenda kukata mkonge, mkataba wa miaka miwili, akaambiwa lori litampitia baada ya majuma mawili.

Mama Sekelaga uamuzi ule ulimshangaza kuliko ulivyomkasirisha. Alikuwa mtu wa kutaka kujua. Hata kuku akihamisha kiota, lazima amnyemelee aone ametagia wapi. Kwa miaka mitatu alimfungulia Hogeni ghala, naye kila mara alirudi bila mtu hata mmoja wa Ihanu aliyeomba kubatizwa. Wote waliobatizwa waliletwa na Yohanani. Kwa nini? Hogeni hakuwa mvivu. Alikuwa mpole, lugha ya Ihanu alikwisha kuijua, na aliwaombea watu wa kule kwa machozi.

"Safari hii nakwenda naye, nikaone mwenyewe," akasema.

"Kwa umri huo, Mama?" Mzee Kasebele akamtania. "Utarudi umebebwa kama gunia."

"Afadhali nirudi gunia lenye jibu, Mzee, kuliko nikae hapa debe tupu lenye ufunguo."

Walifika Ihanu msimu wa kulima. Desturi ya huko ni kwamba anayekuja na maneno wakati huo hulima kwanza na mwenye shamba, ndipo azungumze. Hogeni aliijua desturi hiyo na hakuidharau. Alikuwa ameagiza jembe kutoka kwao, zito, linalometameta. Akamsalimu mwenye shamba, Mzee Lyelu, akavua koti, akaanza kulima kwa nguvu huku wapagazi wakimshangilia. Lakini shamba lilikuwa jipya, la msitu uliofyekwa. Hakufika mbali. Jembe liligonga kisiki kilichofukiwa na udongo, mpini ukakatika, naye akaanguka kifudifudi.

Hakuna aliyecheka. Lyelu alimwinua, akamketisha kivulini, akamletea maziwa ya mgando na kuku mzima. Alipohubiri, walimsikiliza kwa adabu, wakashukuru, wakaenda zao. Mama Sekelaga akaona jambo moja: walimpa Hogeni kila kitu isipokuwa habari zao. Mgeni wa heshima haambiwi shida za nyumbani.

Siku ya tatu Yohanani alifika kuwaaga kabla ya kwenda mkonge. Jembe lake lilikuwa limelika likawa dogo kama kijiko. Hakulima. Alisimama ukingoni mwa shamba, akasema, "Mzee Lyelu, nionyeshe visiki."

"Kumbe upo, mtani! Nilidhani fisi wamekula."

"Walinionja, wakatema."

Wakaanza kulizunguka shamba bega kwa bega, Mama Sekelaga nyuma yao. Lyelu alionyesha kwa fimbo: hapa palikuwa na mkuyu, pale msasa. Kwenye kisiki cha nne akasimama.

"Hapa palikuwa na mninga," akasema. "Niliukata mwenyewe. Mbao zake nilimzikia mwanangu, Ngosi. Wewe ulikuwa umerudi kwenu."

"Sikujua, Mzee."

"Ungejuaje, na udongo umefunika?" Akachora chini kwa fimbo. "Lile neno lako la wafu kufufuka. Ngosi naye yumo?"

Yohanani akaweka jembe chini. Wakaketi palepale, na siku hiyo halikulimwa tuta hata moja.

Hogeni aliyaona hayo kutoka mbali. Jioni akamwendea Mama Sekelaga.

"Mama, mimi nilikosea wapi? Nililima kama desturi inavyotaka."

"Hukukosea, Mchungaji. Jembe lako zuri, na mikono yako mizuri. Lakini jembe la mgeni halijui kisiki."

"Kwa hiyo ningeuliza."

"Ungeuliza, angekuonyesha vitatu. Cha nne angekiruka. Wewe na yeye hamjazika pamoja."

Waliporudi, Mama Sekelaga alilikabili baraza. Alitaka ghala lifunguliwe kwa ajili ya Yohanani.

"Tumnyime mgeni?" Mzee Kasebele akafoka. "Watu watatusemaje?"

"Mgeni atakula mezani kwetu, kila nyumba siku yake, kama wageni wote. Hakuna atakayemnyima. Ghala ni la anayejua visiki."

Wote wakamgeukia Hogeni. Alikuwa ameacha wazazi wake na nchi yake kwa ajili ya Ihanu, na haikuwa rahisi kwake kusema alilolisema.

"Wapagazi warudi makwao," akasema. "Mimi nitabaki hapa nifundishe watu kusoma. Na Yohanani akitoka Ihanu, apite kwangu anifundishe aliyoyasikia."

Lori la mkonge lilipofika, mke wa Yohanani alisimama barabarani na mtoto mgongoni, akamwambia dereva aendelee na safari. Yohanani mwenyewe alikwisha kuondoka alfajiri kwenda Ihanu na chakula cha ghala.

Kama Mzee Lyelu alibatizwa, wasimulizi hawakubaliani. Wengine wanasema alikufa angali anauliza maswali. Wanalokubaliana ni kwamba tangu siku ile hakumficha Yohanani kisiki, na kwamba Hogeni ndiye aliyekuwa wa kwanza kuwafundisha wanafunzi wake neno la Mama Sekelaga, akiwaonya wasilitumie kumcheka mtu. Mgeni huja na jembe zuri, tena kwa moyo mzuri. Ila jembe la mgeni halijui kisiki.