Utando Usio na Jina

Nina fundo leo! Mna vidole vya kulifungua? Basi sogeeni.

Katika kijiji cha Kitandu, pale mto unapokutana na bahari, waliishi wanawake watatu wachuma chaza. Siwatu alijaliwa pua. Mwanamkuu alijaliwa macho. Hidaya alijaliwa mdomo, na mdomo wenyewe, mashallah, haukuwa na pazia.

Watu wa Kitandu walikuwa wasafi kupindukia. Walifagia hata tope! Juu ya tope la hori lao, ule mkono wa bahari uingiao kijijini, kulikuwa na utando wa kahawia, nao wakauita Uchafu. Mwaka mmoja ikaja harusi kubwa, wakaukwangua kila ufagio ulipofika. Haukupita mwezi, maji yakageuka kijani, yakanuka, chaza wakafa midomo wazi. Watu wakaanza kufunga virago.

Siwatu akazunguka hori lote akinusa. Palipofagiwa palinuka yai viza. Penye mikoko, ambapo ufagio haukufika, palinuka tope tu.

"Jamani, hapa pamekufa, pale panapumua!"

Mwanamkuu akaenda pale, akachuchumaa tangu maji kupwa hadi kujaa. Lahaula! Jua lilipopiga, utando ulipanda juu ya tope ukatoa vipovu. Maji yalipokaribia kurudi, ukazama ndani ya tope.

"Uchafu gani huu unaojua saa?"

Akatia tope katika chupa mbili, moja lenye utando, jingine lililokwanguliwa, akamimina maji ya mto, akaziweka juani. Siku chache tu, yenye utando maji yake maangavu, ya pili kijani kitupu.

"Utando huu unakula mbolea ya mashamba inayoletwa na mto, kabla haijatuharibia maji!" akapiga kelele.

Nani alimwamini? Hakuna! Ndipo Hidaya akapita nyumba kwa nyumba.

"Mama Chausiku, nipe ufagio."

"Nami nifagie na nini?"

"Nifagie mimi basi, maana sitoki hapa."

Alitoka na mafagio ya kijiji kizima! Utando ukarudi, maji yakatakata, chaza wakajaa tele. Nderemo na vifijo!

Sasa, Kitandu wana mila yao. Kilichookoa watu hupewa jina jipya, na mtu mmoja tu ndiye hulitaja, amesimama topeni kabla maji hayajajaa. Maji yakiwahi, jina la kale hubaki milele.

Wakasimama topeni wote watatu, kila mmoja akitaka kulitaja yeye.

"Bila pua yangu, mngetazama wapi?" akasema Siwatu.

"Bila macho yangu, ungenusa mpaka leo," akajibu Mwanamkuu.

"Na bila mdomo wangu," akacheka Hidaya, "mngekufa njaa na ujuzi wenu!"

Maji yakafika vifundoni. Yakafika magotini. Bado wanabishana! Na kule ufukoni akatokea bibi harusi mgeni, ufagio mpya mkononi, akaita:

"Shangazi zangu, ule Uchafu niufagie maji yakipwa?"

Je, wewe ungempa nani kulitaja jina? Sema upesi, maji yanajaa!