Pengo la Famau Mpiga Zumari

Jino la pembe si dawa ya pengo. Mnacheka? Chekeni, wajukuu zangu, meno mnayo. Aliyeisema kwanza hakucheka hata kidogo.

Famau alikuwa mpiga zumari. Asipopuliza yeye, harusi ilipooza. Mkewe alifariki akamwachia binti mmoja, Mwanamkuu. Tangu mtoto anatambaa, Famau alimwahidi, "Siku yako, mwanangu, nitapiga mimi mwenyewe."

Asubuhi moja akipiga mswaki, aliona damu. Akaogopa, akautupa mswaki. Lo, ujinga huo! Fizi zikitoka damu zinaomba kusafishwa, yeye akazinyima. Ukoga ukajijenga kwenye mashina ya meno kama ukoko wa sufuria. Fizi zikavimba, zikanuka, zikaanza kuyaachia meno.

"Baba, sugua taratibu, usukutue kwa maji ya chumvi," Mwanamkuu alimsihi.

"Niache, mama. Zitapona zenyewe."

Miaka ikapita. Mwanamkuu akaposwa, na mwezi uleule jino la mbele la baba yake likang'oka ndani ya tonge la wali. Famau akakimbilia kwa Shee, mchonga pembe. Shee akamchongea jino jeupe, akalifunga kwa uzi wa hariri kwenye meno ya jirani. Famau akajitazama kiooni, akaona yamekwisha.

Siku ya harusi, bwana harusi amesimama na watu wake wakingoja kusindikizwa, Famau akatia zumari mdomoni. Alipopuliza, jino la pembe likayumba, uzi ukayavuta meno ya jirani, nayo hayakuwa na pa kushika. Zumari ikatoa pumzi tupu. Akajikaza, akapuliza tena. Meno matatu yakaanguka, na damu ikatapakaa kwenye kanzu yake mpya.

Maskini Famau! Akaingia ndani kwa bintiye, mkono mdomoni, machozi yanamtoka.

"Usilie, baba," Mwanamkuu akasema, naye analia. "Shee atakuchongea mengine."

"Yatashikwa na nini, mwanangu? Fizi nimeziua mwenyewe, na wewe ulinikanya."

Huko nje akaitwa mpigaji mwingine, kijana wa mtaa wa pili. Zumari ikalia, vigelegele vikapanda, bwana harusi akaletwa. Mwanamkuu akageuza uso ukutani.

"Nilikuahidi," Famau akasema. Kisha akasema neno ambalo watu wanalisema mpaka leo: "Jino la pembe si dawa ya pengo."