Aliyesema Hatarajii Kitu

Mtu mmoja alikuwa na mama aliyepooza. Aliitwa Mwaisaka, mfanyabiashara wa viazi kule Tukuyu, na alikuwa amemuuguza mama yake mpaka mgongo ukamkataa. Siku nyingine alimjibu kwa ukali, kisha akajuta. Mwisho akatangaza kwamba anatafuta mtu wa kumtunza mama.

Wakaja wanawake wawili asubuhi moja. Akawaita sebuleni mmoja mmoja, akawauliza swali lile lile: unatarajia nini katika kazi hii?

Wa kwanza, Bupe, alikuwa amewahi kuuguza. Alifikiri kidogo, akasema anatarajia kupumzika Jumapili, kuelezwa ugonjwa wote bila kufichwa, na kupata mtu wa kusaidiana naye kumgeuza mgonjwa, maana mtu mzima aliyepooza ni mzito. Mwaisaka alikunja uso. Moyoni alisema: huyu hajaanza kazi, anawaza kupumzika.

Wa pili, Atuganile, alikuwa amefukuzwa kwenye milango mingi. Watoto wake walikuwa wanakula kwa dada yake, na dada alikwisha kuanza kununa. Aliinamisha kichwa.

“Sitarajii kitu, baba. Nataka kazi tu.”

Mwaisaka alimshukuru Mungu kwa kumletea mtu mnyenyekevu, akamwajiri siku hiyo hiyo.

Atuganile aliogesha, akalisha, akafua mashuka. Kisha akaongezewa kazi ya kuni. Kisha magunia ya viazi. Asiyeomba kitu hakuna anayemuuliza. Jumapili zikapita kama Jumatatu. Mgongo ulimuuma, hakusema. Manung'uniko yake aliyapeleka jikoni, na sufuria zikawa zinagongana kuliko ilivyohitajika. Yule bibi mgonjwa hakuweza tena kusema, lakini alisikia yote. Kijiko kilikuja kinywani mwake kwa haraka, bila salamu. Siku nyingine alifumba mdomo akakataa kula.

Adhuhuri moja Atuganile alikaa kwenye benchi ili avute pumzi, usingizi ukamchukua. Bibi alikuwa na kiu. Alijinyoosha kufikia kikombe, akaanguka kutoka kitandani. Mwanawe aliporudi kutoka sokoni alimkuta kwenye sakafu ya saruji, ameulalia mkono wake uliokufa, machozi yakimtoka bila sauti.

Alimnyanyua, akamlaza. Kisha akamgeukia Atuganile, akapaza sauti: “Si wewe uliyesema hutarajii kitu? Sasa umechoshwa na nini?”

Atuganile hakuwa na nguvu hata ya kulia.

“Nilisema hivyo kwa kuogopa, baba,” alijibu. “Na wewe uliniamini kwa sababu ilikufaa.”

Akakusanya vitenge vyake, akaondoka.

Mwaisaka alikwenda kumtafuta Bupe. Akaambiwa anauguza mgonjwa katika nyumba nyingine, na Jumapili anakwenda kanisani. Alirudi polepole, akakunja mikono ya shati, akaanza kumgeuza mama yake peke yake. Mama alimtazama. Yeye hakuweza kumtazama mama.

Ndugu zangu mnaonisikiliza, mmekuja hapa mmechoka, nawaona. Wengi wenu mnamwambia bwana wenu wa kazi, na mwenzenu wa nyumbani, na hata Mungu mkipiga magoti, kwamba ninyi hamna neno, chochote mtakachopewa kinatosha. Basi niambieni: kati ya yule aliyesema hataki kitu na yule aliyefurahi kusikia hivyo, ni nani aliyemwangusha bibi?