Mieleka ya Kiboko na Asiyeonekana

"Nije nayo, nisije nayo?"
"Njoo nayo!"
"Inatisha kidogo."
"Ije hivyo hivyo!"

Basi, ukame ulizidi, likabaki bwawa moja tu. Kiboko akalikalia. Akasema, "Anayetaka maji, tupigane mieleka kwanza."

Akaja Swala. Puu! Akavunjika mguu. Akaja Nyumbu. Puu! Akavunjika mbavu. Akaja Ngiri, mpiga mieleka aliyependwa na wote. Puu! Ngiri hakuinuka tena. Wakamzika kando ya uwanja, wakarudi makwao na kiu yao.

Nguchiro, asiyefika hata goti la Swala, akamwendea Kiboko.

"Shikamoo, Bwana Mkubwa. Mieleka yako haina hadithi."

"Hadithi ya nini? Mimi nashinda."

"Unashinda, lakini nani anakusimulia? Marehemu Ngiri akianguka, watu walilia. Akiinuka, waliruka. Hata akishindwa, walimbeba yeye. Wewe ni puu, basi, kila mtu anakwenda zake."

Ikamchoma Kiboko. "Sasa nifanyeje?"

"Kesho pigana na Ngiri tena. Ameomba marudiano."

Kiboko akacheka, lakini masikio yalimcheza.

Nguchiro akapita nyumba kwa nyumba, akiwafundisha wote la kufanya. Kesho yake, jua la utosi, uwanja ukafurika. Katikati alisimama Kiboko peke yake.

"Ngiri huyoo, anaingia!" Nguchiro akaita.

Macho yote yakageukia kaburini, yakafuata kitu, polepole, polepole, hadi katikati ya uwanja.

"Yuko wapi?" Kiboko akauliza.

"Nyuma yako!" wakaitika watu wote.

Akageuka. Hakuna.

"Amekushika mguu!"

Akapiga teke hewa.

"Yuko mgongoni!"

Akajibwaga chini, puu! Vumbi, tifu!

"Mbona ninyi mnamwona?" akauliza Kiboko.

Ndipo mama yake Ngiri, kikongwe, akaingia uwanjani. Akanyoosha mkono, akapangusa hewa taratibu, kama anayemfuta mtoto jasho. Kiboko alipoona vile, akapiga mayowe, akakimbia, gubu, gubu, gubu! Hajarudi hadi leo.

Watu wakanywa maji. Nguchiro akamfuata yule kikongwe, anacheka.

"Bibi, umeigiza kuliko wote."

"Kuigiza nini, mjukuu wangu?"

Akamfungulia kiganja. Kilikuwa kimelowa jasho.

Funzo lake, wanangu: msidanganye watu. Na mkipigana mieleka, hadithi haina kazi, angusheni tu.

"Yangu nimeyamwaga!"
"Tumeyaokota!"